Mashine Zinazochoka Alasiri

Mwezi wa tisa mwaka 2006, katika chumba cha gemu cha Munyiva na Kalunde mjini Machakos, wachezaji wa mpira waliacha kukimbia wakaanza kutembea.

Mechi ilianza vizuri kila mara. Mshambuliaji alichomoka, nyasi za kompyuta zikang'aa, mashabiki wasioonekana wakashangilia. Kisha, kipindi cha pili kikiwa kichanga, miguu ya wote ishirini na wawili ikawa mizito kana kwamba uwanja umemwagiwa uji. Mpira ulielea hewani bila kuamua pa kuangukia. Kelele za mashabiki zilikatikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Kijana aliyekuwa akiongoza aliona kipa wake akianguka polepole, upande usio wake, bao likaingia. Alipiga meza kwa kiganja, akasimama, akavuka barabara kwenda kuchezea kwa washindani wao. Kesho yake walivuka watatu.

Munyiva hakuwa mtu wa kungoja tatizo lijieleze. Alikuwa na hasira za karibu na hakuona sababu ya kuzificha. Alizaliwa Kathiani, kwenye shamba la mteremko ambako mahindi na maharagwe viligawana udongo mchache, na alipomaliza kidato cha nne alishuka Athi River kutafuta kazi. Aliipata katika kiwanda cha nguo za kuuzwa ng'ambo. Alianza kwa kushona mifuko ya suruali, akapanda akawa mkaguzi wa mishono. Alisifika kwa jicho. Suruali mbovu ilipomfikia hakuilaumu cherehani kwa kukisia. Alibadilisha sindano kwanza, akashona, akatazama. Kisha uzi, akashona, akatazama. Kitu kimoja kwa wakati. Wasimamizi walimpenda kwa hilo.

Alichokichukia ni geti. Kila jioni wanawake walipanga foleni wapapaswe na walinzi kabla ya kutoka: kichwani chini ya kitambaa, kifuani, kiunoni, hadi ndani ya viatu, kutafuta kigurudumu cha uzi au kipande cha jinzi. Hata mkaguzi hakusamehewa. Munyiva alipitia hapo miaka mingi, meno yakiwa yamebana, na nyuma yake katika foleni alisimama Kalunde wa Katangi, mshonaji wa mikanda, aliyekuwa akimnong'oneza maneno ya kuchekesha juu ya pumzi za walinzi ili asije akamzaba mmoja kofi na kufukuzwa.

Kiwanda kilipofunga, wawili hao waliunganisha kilichowabakia mkononi. Walinunua kompyuta zilizokwisha kutumika Uingereza, tatu za huyu na tatu za yule, wakakodi chumba cha mabati nyuma ya soko. Munyiva alikuwa amejifunza kompyuta katika stoo ya kiwanda, na alikuwa ameona Nairobi jinsi vijana wanavyojazana mbele ya gemu. Waligawana siku: asubuhi ni ya Munyiva, alasiri ni ya Kalunde. Chumba kilishika. Mama wa sokoni walilalamika kwamba wana wao hawaonekani tena, na hiyo ilikuwa dalili njema.

Halafu wezi wakaingia mkahawa wa intaneti wa mtaa wa pili. Waliingia mchana, kama wateja, na hawakubeba kompyuta hata moja. Walifungua vifuniko, wakachomoa memori, vile vipande vinavyoweza kufichwa kwenye soksi, wakafunga tena vizuri. Mwenye mkahawa alijua pale wateja walipoanza kusema mashine zimekuwa nzito.

Munyiva aliposikia alienda moja kwa moja kwa Ngui, fundi wa kuchomelea vyuma, akaagiza masanduku sita ya kufungia kompyuta, ya kukazwa sakafuni, kila moja na mlango na kufuli. Skrini na kibodi zingebaki mezani. Ngui aliyaleta yakiwa na wavu wa waya ubavuni. Munyiva alipitisha kidole kwenye wavu, akapitisha cha pili, akamwambia ayarudishe. Yalirudi yamezibwa kwa bati pande zote, na nyuma kumeachwa ufa mwembamba wa kupitishia nyaya. Funguo zilikuwa jozi mbili. Moja ilikaa kwa Munyiva na nyingine kwa Kalunde.

Siku ya kuziingiza mashine humo, Munyiva alikuwa Kathiani kwenye mazishi ya mjomba wake. Kalunde alimwita binamu yake, Ndunda, fundi wa kompyuta, aje amsaidie. Munyiva aliporudi alikuta kazi imeisha na chumba kimefagiwa. Wiki ileile wachezaji wakaanza kutembea.

Ukimtazama Munyiva siku zile, huwezi kusema hakujaribu. Alipunguza ubora wa picha ndani ya gemu. Alifuta programu zisizo na kazi. Alisaka virusi, akapata viwili, akaviua, akaona amemaliza. Asubuhi alicheza mwenyewe, gari jekundu likizunguka mji wa Ulaya usiojulikana, na halikusita hata kona moja. Akafunga akiwa ameridhika. Alasiri alipigiwa simu na Kalunde kwamba vijana wanapiga makelele, mashine zimelala tena.

Akafungua ukurasa unaoonyesha kiasi cha memori. Namba ilikuwa ileile ya siku walipozinunua. Mtu mtulivu angeishia hapo. Munyiva alisema kama si memori basi ni prosesa, ubongo wa mashine, na kama si prosesa ni kadi ya picha. Kitu kizuri kimetoka, kibovu kimeingia, na kimeingia yeye akiwa makaburini.

Aliifungua ile iliyosumbua zaidi, akaibeba hadi kwa Lenny, kijana aliyesomea kompyuta Nairobi na mwenye kibanda karibu na posta. Lenny aliiweka juu ya meza yake bila kifuniko, akaitia gemu la magari, akaiacha ikimbie alasiri yote huku akihudumia watu wengine. Haikusita. Alimwambia Munyiva mashine yake ni nzima, amletee mgonjwa mwingine. Hakuuliza inakaa wapi, na Munyiva hakuona sababu ya kumweleza. Aliirudisha, akaifungia sandukuni, na siku iliyofuata ikalala alasiri kama wenzake.

Hapo akawa na hakika. Kwa Lenny ni nzima, kwao ni mgonjwa. Asubuhi mikononi mwake inakimbia, alasiri mikononi mwa Kalunde inatambaa. Ufunguo mwingine anao nani? Aliyeziingiza ni binamu ya nani? Usingizi wa usiku ule haukuwa usingizi.

Jumamosi, chumba kikiwa kimejaa, Munyiva aliingia saa zisizo zake. Alimkuta Kalunde amechuchumaa, mkono ndani ya sanduku.

"Unatafuta nini humo?"

"Imehang. Naizima, niwashe tena," Kalunde alisema bila kugeuka.

"Kila siku wewe na hiyo kufuli. Leta kiondo."

Kalunde alicheka. Alidhani ni utani wa zamani wa foleni ya geti. Aliendelea kucheka kidogo hata Munyiva alipokiondoa kiondo kwenye msumari, na aliacha tu kilipogeuzwa juu ya meza. Zilianguka leso, chanuo, dawa za presha za mama yake, shati la mtoto lililosubiri vifungo, na hindi la kuchemsha lililoliwa nusu. Munyiva aliyasukuma huku na huku kwa kidole. Alikunjua leso akaitikisa.

"Mathe, kwani hata mahindi ni ya wizi?" alimuuliza Munyiva kijana mmoja kutoka nyuma, na chumba kikaangua kicheko.

"Mwizi ni mwizi," Munyiva alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza nyanya nje. "Ametoa vitu kwa hizi mashine na binamu yake. Ndio maana hazitembei."

Kalunde aliokota vyake kimoja kimoja, akakunja leso upya kwa mikunjo ileile. Kisha akachomoa jozi ya funguo mfukoni, akaiweka mezani.

"Sasa uko na zote," alisema. "Hakuna mwingine wa kufungua. Tutaona ni nani alikuwa akiziibia."

Akatoka. Siku zilizofuata, kila aliyeuliza alijibiwa na Munyiva kwamba alimshika Kalunde. Alilitumia neno hilo, kushika, ingawa mkononi mwake hakikupatikana kitu zaidi ya hindi. Mwenye nyumba aliambiwa. Mama wa sokoni waliambiwa. Ndunda alipoteza wateja wawili katika juma moja.

Munyiva akachukua na zamu ya alasiri. Siku ya kwanza, wachezaji wakatembea. Alijiambia ni uharibifu uliobaki. Siku ya pili wakatembea mbele ya macho yake, yeye peke yake akiwa na funguo zote zikining'inia shingoni. Wateja wachache waliosalia walianza kumwimbia wimbo wa mazishi kila mashine ilipolala, na mmoja akamshauri azipeleke Kathiani zikapumzike. Munyiva aliwatukana. Hasira zake zilikuwa nyingi na hazikuwa tena na pa kwenda.

Kilichomfungua macho ni hasira hizohizo. Alasiri moja mteja mmoja alikataa kuondoka wala kunyamaza, akisisitiza amenyang'anywa ushindi. Munyiva alipiga magoti, akafungua kufuli aizime mashine kwa nguvu, na akaegemeza kiganja juu ya sanduku. Aliuondoa mkono haraka. Bati lilichoma kama pasi ya kiwandani. Akasahau kuzima. Akaanza kubishana na yule mteja, mlango wa sanduku ukiwa wazi nyuma yake, wakabishana hadi wote wawili wakachoka, na mteja alipogeukia skrini alisema, kwa mshangao wa mtu aliyenyimwa sababu ya kulalamika, kwamba wachezaji wanakimbia.

Munyiva alitazama skrini, akatazama sanduku. Aliwatoa wote nje, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze akafanya kazi aliyoijua.

Alichagua mashine mbili zinazofanana, akatia gemu lilelile katika zote. Moja aliacha mlango wa sanduku wazi, nyingine akaifunga. Aliketi kati yazo mikono mapajani. Iliyofungwa ikaanza kuburura miguu. Iliyo wazi ikaendelea. Akabadilisha: akafunga iliyokuwa wazi, akafungua iliyofungwa, akangoja. Ugonjwa ukahama. Akarudia na jozi nyingine. Ndani ya kila kompyuta feni ilikuwa ikizunguka kwa bidii, ikivuta hewa ileile ya moto iliyoitema, chini ya paa la mabati lililokuwa limechomwa na jua tangu asubuhi. Ikizidiwa na joto, prosesa ilijipunguzia kasi yenyewe isiungue, na gemu likazorota. Asubuhi bati lilikuwa baridi. Kwa Lenny hapakuwa na bati. Hakuna kilichoibwa. Mashine zilikuwa zikinyimwa pumzi, na aliyezinyima alikuwa na funguo shingoni.

Ungetarajia afarijike. Alitoka mbio kwenda kwa Ngui, akaanza kumfokea kabla hajafika, kwamba ni fundi gani huyu anayetengeneza tanuri na kuiita sanduku. Ngui aliinua kioo chake cha kuchomelea, akamwacha amalize.

"Mama, nilikuletea ya wavu," alisema. "Ukapitisha kidole. Ukaniambia mkono wa mwizi ni mwembamba."

Wasaidizi wake walitazama chini. Munyiva alimeza matusi yaliyobaki, akamwomba aje akate mabati pande zote mbili na kurudisha wavu.

Mwisho wa juma alienda Katangi. Alimkuta Kalunde kwenye baraza la duka, ameinamia cherehani, akishona sare za shule. Kalunde alimwona tangu mbali na hakuacha kukanyaga. Hakumkaribisha kiti. Munyiva alisimama juani.

"Ni yale masanduku," alisema. "Joto. Hewa haikuwa inaingia. Si wewe."

Kalunde alikata uzi kwa meno. "Kwa hivyo ni sanduku limesema si mimi."

"Nimepima. Nikabadilisha, nikapima tena. Niko na uhakika."

"Na kama hungepima?"

Munyiva alijifuta jasho shingoni.

"Kama lile bati halingekuchoma, mimi ningekuwa mwizi mpaka nizikwe," Kalunde alisema, bado akitazama mshono. "Tulipapaswa pamoja pale geti miaka hiyo yote. Kitambaa chako nilikuwa nakushikia mimi, wakikuvua. Wewe unajua vile hiyo kitu inauma. Halafu ukanifanyia mbele ya watoto wa watu."

"Nimekuja, Kalunde. Rudi tufanye kazi. Vijana wameisha, chumba kinakufa."

"Umekuja kunieleza habari ya joto."

Cherehani ilimaliza kola moja. Ndipo Kalunde akasema anachotaka: Munyiva alitamke jambo hilo palepale aliposema lile la kwanza, siku watu ni wengi, na kwa sauti ileile. Asianze na joto. Aanze na alichofanya. Zaidi ya hapo hakusema neno.

Munyiva alirudi Machakos akiwa amekasirika upya. Amesafiri, amesimama juani, amekiri, na bado anapewa adhabu kama mtoto wa shule. Alikuwa amefika nyumbani na kuvua viatu alipokumbuka kwamba katika mazungumzo yote yale neno samahani halikuwa limetoka kinywani mwake.

Habari kwamba mashine zimepona zilienea upesi kuliko zile za ugonjwa, na Jumamosi chumba kilijaa tena hadi mlangoni. Wavu mpya wa Ngui ulipitisha hewa, wachezaji walikimbia. Ndunda alikuwa amekuja akasimama nje kwenye kizingiti, mikono kifuani, bila kusalimu. Munyiva alisimama katikati ya chumba akasema ana jambo la kuwaambia. Hakuna aliyegeuka. Alisema tena.

"Mathe, tuko fainali," mmoja alimjibu, macho yakiwa kwenye skrini.

Munyiva alitembea hadi ukutani, akashika swichi kuu, akaishusha.

Skrini sita zilikufa kwa pamoja. Makelele yaliyofuata yaliwafanya wauza nyanya kuchungulia. Aliwaacha wapige, wamtaje mama yake, wagonge meza. Walipoishiwa aliinua sauti, na ilikuwa ileile.

"Jumamosi ile niliwaambia hapa Kalunde ni mwizi. Nikamwaga kiondo chake mbele yenu. Kalunde hakuiba. Hajawahi kuiba kitu chochote, wala Ndunda. Mimi ndio nilisema uongo, na nikazunguka nao mji mzima. Hizi mashine nilizifungia mimi mwenyewe kwa bati zikachemka. Na aliyecheka mahindi yake anajijua."

Kijana mmoja aliinamisha kichwa. Mwingine aliuliza kama Kalunde anarudi.

"Sijui."

"Basi rudisha stima, mathe."

"Kaeni hivyo kidogo," alisema Munyiva, na mkono wake ukabaki kwenye swichi. Walikaa. Alipogeuka kutazama mlangoni, Ndunda alikuwa ameondoka.

Kalunde alikuja Jumanne, adhuhuri, wakati soko limejaa, na pikapu ya kukodi. Alisalimia kila mtu njiani na kila mtu alimsalimia. Akaingia chumbani, akasema amekuja kuchukua mashine zake tatu. Amepata chumba Masii, karibu na soko.

Damu ilimpanda Munyiva kichwani. "Nimesema yote uliyoniambia. Mbele yao wote. Uliza."

"Nimeambiwa. Ulisema vizuri."

"Basi mbona unaenda?"

"Nilikuambia useme," Kalunde alijibu. "Sikukuambia nitarudi."

Munyiva alisema mengi hapo. Kwamba huo ni ujanja, kwamba urafiki haukatwi kama kitambaa, kwamba chumba hakiwezi kusimama kwa mashine tatu, kwamba angejua asingejiaibisha. Alisema hata samahani, katikati ya ugomvi, kwa ukali, kama mtu anayerusha jiwe. Kalunde alisikia. Alingoja amalize, akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Katangi, akatikisa kichwa kukubali neno hilo moja na kuyaacha mengine yapite. Kisha akaenda kwenye skrini ya kwanza.

Zilikuwa skrini za zamani, zile zenye kisogo kirefu na uzito wa gunia, na dereva wa pikapu alikuwa ametangaza kwamba kazi yake ni kuendesha. Kalunde aliikumbatia peke yake, ikamshinda ukingoni mwa meza. Munyiva alikuwa bado na hasira. Alivuka chumba, akatia mikono chini ya upande wa pili, wakatoka nayo kinyumenyume, mmoja akitazama ngazi, mwingine akitazama mlango, na kilichosikika kati yao hadi mashine ya tatu ilipopakiwa kilikuwa ni sauti ya Kalunde ikisema, "Inua upande wako."